Bamvua na Vijiti Viwili

Siku za bamvua, ufukwe wa Jambiani, mashariki ya Unguja, hubaki kama nchi iliyoachwa na bahari yake. Ikitimia kiasi cha saa nne asubuhi maji yamekwenda zao hadi mwambani, povu limebaki uzi mweupe kwa mbali, na uwanda wote wa katikati ni mchanga, majani ya baharini, madimbwi yaliyoshika joto na wanawake. Wameingia na kamba na magunia, wanakagua mwani walioufunga kwenye vigingi, kazi iliyoota mizizi katika pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mawe. Mtu anaweza kutembea hadi mahali ambapo siku nyingine angehitaji ngalawa. Kisha jua hupinda, na mnamo saa kumi alasiri ngalawa zinaelea palepale walipokuwa wamechutama. Bahari haikurudi tu mahali pake. Imepita mahali pake, imepanda, inagonga misingi ya nyumba za mbele na kuchimba mchanga chini ya minazi. Mgeni hushangaa mara mbili kwa siku moja, asubuhi kwa upungufu, alasiri kwa ziada, akadhani ameona mambo mawili. Mwenyeji ameona jambo moja.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu siku hizo jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo huvunjana nguvu, na yanaingia maji mafu: kupwa kudogo, kujaa kudogo, bahari ya watu wavivu. Kinachonishika mimi ni kwamba bamvua haina upande. Fikiria usawa wa wastani, pale ambapo maji yangetulia lau yasingevutwa na chochote. Katika bamvua kubwa, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini huku Unguja hukaribia mita nne. Karibu mbili juu ya wastani, karibu mbili chini yake. Kwa anayetaka pweza na kwa anayetaka kuingiza jahazi bandarini, mita mbili juu na mita mbili chini ni vitu vinavyopingana, kimoja riziki na kingine hasara. Kwa mwezi ulioko mbinguni ni kitu kimoja. Mwezi unavuta, bahari inaiacha katikati yake kwa kadiri hiyo, ni huku ama kule, mwezi haukuulizwa.

Shuleni jambo hili hufika likiwa halina chumvi. Mwalimu huchora mstari wa namba ubaoni, sifuri katikati, chanya kulia, hasi kushoto, kisha huandika namba kati ya vijiti viwili vilivyosimama wima: |7| ni 7, na |−7| ni 7 vilevile. Hiyo ndiyo thamani kamili, umbali wa namba kutoka sifuri. Vijiti vyenyewe si vya kale. Aliyeanza kuvitumia ni Mjerumani Karl Weierstrass, mwaka 1841, na vimeenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi kuchora na vigumu kusahau. Kwa haraka ya mtihani mwanafunzi hupewa kanuni moja: ukiona vijiti, futa alama ya kutoa. Kanuni inafanya kazi, na ndiyo maana inadhuru. Anayejua kufuta hajui bado kwamba alichofanya ni kupima. Hajaona kwamba −7 ni ndogo kuliko −3, na wakati huohuo iko mbali zaidi na sifuri. Kwamba mwenye deni la shilingi elfu saba ni maskini kuliko mwenye deni la elfu tatu, na deni lake ni kubwa zaidi. Udogo na ukubwa vimekaa katika namba moja bila kugombana, kila kimoja kikijibu swali lake. Mtoto anayekataa kulikubali hilo siku ya kwanza, nadhani, amelielewa vizuri kuliko yule aliyeitikia “ndiyo mwalimu” na kufuta.

Umbali kutoka sifuri, sawa. Lakini sifuri ya nani? Wapimaji wa nchi kavu wameiweka kwenye wastani wa bahari, na kutoka hapo Kibo inasimama mita 5,895. Mabaharia hawakuikubali sifuri hiyo. Yao wameiteremsha hadi karibu na kiwango ambacho maji kwa kawaida hayashuki zaidi, ili kina kilichoandikwa kwenye ramani kiwe amana: nahodha atakikuta hicho au zaidi. Kwenye majedwali yao ya maji, kupwa kwa bamvua, ambako mpimaji angekuandikia hasi mbili, huonekana kama namba ndogo ya chanya iliyo karibu na sifuri. Bahari ni ileile, mchanga uleule, pweza yuleyule shimoni. Kilichohama ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Na kimehama kwa sababu: mpimaji wa mlima hana la kuogopa upande wa chini, bali baharia namba hasi kwake ni chombo kilicholala ubavu mchangani. Anayehofu upande mmoja huisogeza sifuri yake hadi mwisho wa upande huo, ili kila atakachokutana nacho kiwe salama yenye kiasi.

Ziwa Tanganyika hulivuruga jambo hili kwa uzuri zaidi. Uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na penye kina kirefu kabisa sakafu yake iko mita 1,470 chini ya uso huo. Toa, na utapata kwamba sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mahali fulani ndani ya giza lile, kati ya Kigoma na milima ya Kongo, sifuri ya wapimaji inapita katikati ya maji. Samaki hawafiki kina hicho. Mvuvi wa dagaa aliyewasha taa zake usiku hana habari nayo wala haihitaji. Sifuri yake ni ubao anaoukalia, na wavu wake unahesabiwa kutoka hapo kwenda chini. Muulize sakafu iko umbali gani atakupa jibu moja, mpimaji atakupa jingine, na wote wawili wamesema kweli. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: waliosema hivyo walijua kuwa ukubwa wa kitu haujakamilika mpaka umtaje anayepima na mahali aliposimama. Anders Celsius, yule Mswidi wa kipimajoto, mwaka 1742 aliweka sifuri kwenye maji yanayochemka na mia kwenye maji yanayoganda. Alipofariki mwaka 1744, wenzake waliipindua ngazi yake juu chini, na baridi haikuongezeka hata chembe.

Hata alama zenyewe, ya kujumlisha na ya kutoa, nyingine zimewekwa kwa makubaliano tu. Benjamin Franklin alipoziita chaji za umeme chanya na hasi miaka ya 1740, hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani kinachosogea ndani ya waya. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1897, J. J. Thomson alipoitambua elektroni, ikawa ndiyo mchukuzi mkuu wa umeme kwenye waya, na tayari ilikuwa imeandikiwa hasi. Wanafunzi wa fizikia wanalipia bahati hiyo hadi leo, wakichora mishale ya mkondo inayokwenda kinyume na elektroni. Ila kuna jambo ambalo Franklin hangeweza kuliharibu hata angetaka: chaji ya elektroni na ya protoni, ukizitia kati ya vijiti viwili, ni sawa. Badilisha majina, geuza alama zote, usawa huo unabaki palepale, na ni kwa sababu yake kwamba kiti unachokalia hakikurushi kwa umeme.

Sifuri ya deni nayo haikuchaguliwa na mtu mezani. Mtu asiye na kitu na asiyedaiwa anajua alipo. Labda ndiyo sababu namba hasi ziliingia akilini mwa watu kupitia mlango wa mkopo. Nchini China, Liu Hui, aliyeandika katika karne ya 3, anaeleza vijiti vya kuhesabia vya rangi mbili: vyekundu kwa chanya, vyeusi kwa hasi. Karani wa leo, ambaye wino mwekundu kwake ni hasara, angezisoma hesabu zile akalia mahali pa kucheka. Nchini India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za mali na madeni: mali ikijumlishwa na mali ni mali, deni na deni ni deni, deni likitolewa katika sifuri hugeuka mali. Kwa upande mwingine al-Khwarizmi, bingwa wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, aliipanga milinganyo yake ili kila upande uwe na vitu vinavyojumlishwa tu, pasiwe na kitu kilichopungua chini ya sifuri. Alitimiza makubwa bila kuingia kwenye nyumba ya hasi. Hatumlaumu. Mtu anaweza kuishi maisha mema juu ya sifuri, akipata wasaa.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa vijiti vya Weierstrass, methali hii ni upuuzi: shilingi laki moja iliyoingia na shilingi laki moja iliyotoka zina thamani kamili moja. Kwa moyo wa binadamu si upuuzi hata kidogo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia inayosema, miongoni mwa mengine, kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha. Katika kazi yao ya baadaye walikadiria kuwa hasara huelemea kama mara mbili. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, Tversky akiwa ameshafariki. Wahenga wetu hawakutoa namba, lakini walichagua vizuri vipimo vyao. Hawakusema kukopa ni kicheko na kulipa ni huzuni. Walisema harusi na matanga, shughuli mbili zinazokusanya watu walewale, zinazopika wali uleule kwa masufuria yaleyale ya kuazima, hata gharama zake zikikaribiana. Ukubwa umeshikwa usibadilike. Kilichogeuzwa ni upande tu, na upande peke yake umetosha kugeuza sauti za wanaoimba uani.

Mwaka 1685 Mwingereza John Wallis, akitaka kuwaonyesha wenye shaka kwamba namba hasi si uchawi, alimleta mtu anayetembea. Mtu huyo anakwenda mbele yadi tano, kisha anarudi nyuma yadi nane. Yuko wapi? Yuko yadi tatu nyuma ya alipoanzia, yaani −3. Ni hoja safi, na kwa muda mrefu nimeipenda, ila humwonea yule mtu. Muulize mwenyewe amefika wapi atakuambia: nyuma ya nilipoanza. Muulize ametembea kiasi gani, atakuambia yadi kumi na tatu, na viatu vyake vitashuhudia. Jumla yenye alama inaeleza mahali. Jumla ya thamani kamili inaeleza jasho. Ya pili haipungui kamwe kuliko ukubwa wa ya kwanza, jambo ambalo wanahisabati hulithibitisha kwa mistari miwili na mabaharia hulijua kwa magoti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: ukienda nyuma ya chombo, ukienda mbele ya chombo, mwisho unarudi tumboni mwake yanakojikusanya maji. Methali hiyo hutajwa kumkumbusha anayetangatanga kwamba atarejea kwao. Mimi huisikia pia kama hesabu ya baharia aliyekwenda tezi na omo mchana kutwa akifunga na kufungua kamba, na ambaye, kwa daftari la mahali peke yake, hakwenda popote.

Daftari hilo la mahali peke yake ndilo linalotumika mno. Mvua za Elnino za mwaka 1997 na 1998 zilivunja madaraja na kuzamisha mashamba Kenya na Tanzania. Baada ya muda mfupi tu ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa ya Kenya hadi umeme ukawa wa mgao. Chukua ziada ya mafuriko, chukua upungufu wa ukame, vijumlishe pamoja na alama zake: vitalana. Wastani utatoka ukiwa mzuri, wa nchi isiyopatwa na neno. Hakuna mkulima anayekula wastani. Mahindi yaliyooza kwa maji hayarudishwi na mahindi yaliyonyauka kwa jua. Hasara zile mbili zinashikana mikono na kuwa hasara moja kubwa. Anayetaka kujua mkulima amepitia nini lazima kwanza azivue alama, apime kila mwaka umekwenda mbali kiasi gani na kawaida, kisha ndipo ajumlishe. Roger Boscovich, padri Mjesuti aliyezaliwa Dubrovnik mwaka 1711, alilikabili hilo alipotaka kujua umbo la dunia kutokana na vipimo vilivyokataa kukubaliana. Aliuwekea mstari wa kuvipatanisha vipimo hivyo masharti mawili. La kwanza, makosa ya upande huu yawe sawa na makosa ya upande ule. Sharti hilo lilikuwa halitoshi, kwani mistari mingi inaweza kulitimiza, hata ile iliyo mbali na kila kipimo, mradi tu iwe mbali pande zote kwa usawa. Kwa hiyo akaongeza la pili: makosa yote, yakihesabiwa bila kujali upande, yawe madogo kadiri iwezekanavyo. Haki ya kugawana makosa nusu kwa nusu haikumridhisha; alitaka yawe madogo.

Nimekuwa nikivisifu vijiti, na vinastahili, lakini vina bei. Ukishaingiza −5 ikatoka 5, huwezi kusimama mlangoni na kuirudisha ilivyokuwa. Mombasa na Muscat ziko umbali uleule ukitoka huku au ukitoka kule. Ndivyo na namba mbili: ukitoa ya kwanza kwenye ya pili au ya pili kwenye ya kwanza, kati ya vijiti jibu ni moja. Wenye majahazi ya tanga hawakuweza kuishi kwa jibu hilo. Kuanzia kiasi cha Novemba hadi Machi kaskazi huvuma, nayo iliwaleta kutoka Arabuni. Kisha upepo hugeuka, na kusi iliwarudisha, isipokuwa katikati ya msimu ilipokuwa kali mno na vyombo vikabaki bandarini. Biashara yote ya pwani hii, nyumba zake, ndoa zake, na lugha ninayoiandika sasa, ilijengwa na watu waliokuwa wakingoja alama ibadilike. Nahodha aliyefika Lamu akiwa amechelewa kusi hakuulizwa amebakiza maili ngapi. Maili zilikuwa zilezile. Alitafuta nyumba ya kukaa miezi.

Ninachotamani waalimu wakifanye ni kukawia kidogo pale vitabu vinapofikia herufi. Vitabu husema: ikiwa x si hasi, |x| ni x, ikiwa x ni hasi, |x| ni −x. Darasa zima husimama hapo. Tumeambiwa thamani kamili haiwi hasi, sasa hii alama ya kutoa imetoka wapi? Aliyefundishwa kufuta ataifuta hata hiyo, na hapo ndipo anapopotea, kwa maana alama ile si doa lililobaki kwenye namba. Ni amri: geuka. Kama x ilikuwa tano upande wa kushoto, −x inaigeuza ikawa tano upande wa kulia, na chanya imepatikana kwa kuandika alama ya kutoa, si kwa kuiondoa. Hilo likishakaa, lile swali la kinyume halitishi tena. Ubaoni pameandikwa |x| = 5, na x inatafutwa. Wengi huandika 5 na kuweka kalamu chini. Binti mmoja nyuma anaandika 5, kisha −5, na mwalimu akimuuliza ni ipi kati ya hizo, ana haki ya kumjibu kwamba swali halikusema upepo ulikuwa upi.